Debe la Ng'ambo ya Bonde

Kilichokuwa kikinikosesha usingizi kule shambani Kiegei hakikuwa mbu wala nguruwe pori. Lilikuwa swali ambalo mtu aliyemaliza chuo hatarajiwi kulala nalo: kama huko juu wapo viumbe wengine wenye akili, mbona kimya? Na kama kimya chao ni cha makusudi, wameona nini kwetu hata wakaamua kutosema nasi?

Najua linavyosikika. Mama yangu, kama ningemweleza, angeniuliza kwanza kama nimekula. Lakini akili yangu ndivyo ilivyo. Ikipewa jambo dogo hulizungusha mpaka liwe kubwa, na ikipewa jambo kubwa hulizungusha mpaka linihusu mimi. Swali la nyota lilikuwa la nyota kwa dakika chache tu. Baada ya hapo lilikuwa linamhusu mtu mmoja aliyenitumia ujumbe wenye neno moja, nami sikumjibu.

Mtu huyo nililala naye chumba kimoja chuoni, Dar es Salaam, muda wote wa masomo. Ni kijana wa Kanda ya Ziwa, mrefu, mwenye kicheko cha ghafla, na wote wawili tulikuwa tunasomea ualimu wa fizikia. Umeme ukikatika tulikuwa tunatoa viti nje kwenye baraza ya bweni na kuanza ubishi wetu. Yeye alikuwa na hakika kwamba wapo, tena kwamba siku moja watakuja. Mimi nilikuwa nakubali kwamba huenda wapo, kwa sababu nyota ni nyingi mno na haiingii akilini kwamba ni hapa tu ndipo mtu alipoanza kujiuliza maswali. Nilichokataa ni kuja. Nilimwambia mwanga wenyewe, ambao hakuna kinachoushinda mbio, unachukua zaidi ya miaka minne kutoka kwenye nyota iliyo jirani zaidi na jua letu. Chombo chochote tunachokifahamu kingechukua maelfu ya miaka.

"Sasa niambie," nilimuuliza siku moja, "nani ataanza safari ambayo atakayefika ni kilembwe wa kilembwe wake?"

"Mpweke," alisema, bila kufikiri. "Mtu mpweke sana ataanza."

"Na akishafika atasema nini?"

"Katoka mbali, mwanangu. Ataomba chaja."

Tulicheka mpaka wa chumba cha jirani wakagonga dirisha.

Tulipomaliza tuliomba kazi pamoja, siku moja, kwenye kompyuta moja. Majina yalipotoka, lake lilikuwemo na langu halikuwemo. Hilo ningeweza kulivumilia, maana tulikuwa wengi tuliokosa. Nililoshindwa kulivumilia ni ujumbe wake wa jioni ile: "Mwanangu! Nimepangiwa Ruangwa! Si ndiyo kwenu?"

Ndiyo kwetu. Nimezaliwa Ruangwa, nimesoma Ruangwa, na nilikuwa nimerudi Ruangwa kukaa kwa mama na vyeti vyangu ndani ya bahasha ya kaki. Rafiki yangu alikuwa anakuja kufundisha somo langu kwenye mji wangu, na mimi ndiye niliyetakiwa kumpokea stendi. Nilianza kuandika jibu. Nikaandika "Hongera sana", nikaona ni kavu. Nikaongeza alama ya kicheko, nikaona ni ya uongo. Nikafuta yote. Kesho yake nilimwambia mama kwamba naenda kumsaidia bibi shambani, na mama, ambaye hakuniuliza kitu, alinifungia dagaa kwenye gazeti.

Bibi, mama yake mama, analima Kiegei, upande wa Nachingwea. Mahindi yakianza kubeba, watu wa huko huacha nyumba zao za kijijini na kuhamia mashambani, kila familia kwenye kibanda chake, kwa sababu ngedere na nyani hawana subira ya kusubiri mavuno. Kazi hiyo ya kulinda wanaiita kuamia. Unajenga dungu, yaani kichanja cha miti kilichoinuliwa juu ya shamba, unakaa huko tangu asubuhi mpaka jua linazama, una kombeo, una mawe, na una debe bovu lililoning'inizwa kwenye tawi la mkorosho. Jirani wa karibu yuko mbali kiasi kwamba moshi wake unauona lakini yeye mwenyewe humwoni.

Bibi alinipokea kwa utani wa bibi na mjukuu. "Mume wangu kaja!" aliwaambia kuku. "Kasoma weee, sasa kakumbuka nyumbani." Tulikaa vizuri majuma mawili ya mwanzo. Kisha mguu wake wa kushoto ulivimba, mama mdogo akaja kumchukua kwa bodaboda kumpeleka hospitali Nachingwea, na mimi nikabaki peke yangu. Akiwa ameshakaa juu ya pikipiki, kajifunga kanga ya pili kichwani, alinigeukia.

"Asubuhi na jioni usisahau debe."

"Sawa, bibi."

Nilidhani nimeelewa. Nilikuwa nimemwona akilipiga kila siku, na debe ni la ngedere. Na mimi, kwa kuwa siwezi kuacha jambo bila kulitengeneza, nilikaa juu ya dungu nikalifikiria debe. Mnyama akizoea sauti haogopi tena. Ukipiga kila asubuhi na kila jioni saa zile zile, ngedere atakariri ratiba kama mwanafunzi wa bweni. Nikaona ni bora nisipige kabisa kwa siku kadhaa, debe libaki silaha ya akiba, nitumie kombeo tu. Nikasimamisha na sanamu ya mtu, nikaivika shati langu la mahafali, lile jeupe.

Lakini kila asubuhi, jua likianza kugusa majani ya mahindi, debe la ng'ambo ya bonde lilikuwa linalia. Mapigo ya haraka, kimya, mapigo mawili mazito. Kisha kimya kirefu. Kisha tena. Nilikuwa nakaa na uji wangu wa muhogo nikisikiliza, na mwili wangu ulikuwa unajua kabla ya akili yangu kwamba ule mlio haukuwa wa kufukuza mnyama. Ulikuwa na alama ya kuuliza mwishoni. Sikujibu. Nilijiambia ni kwa sababu ya hesabu zangu za ngedere. Ukweli mwingine ni kwamba nilishachoka kuulizwa. Nikijibu, kesho jirani atapita kusalimia, na baada ya salamu litafuata lile ambalo watu wote wa Nachingwea na Ruangwa hulifikia: umemaliza chuo, sasa kazi wapi?

Kuna watu wanaosema huenda anga liko kimya kwa sababu hiyo hiyo. Wenye busara huko juu hawapigi debe, maana anayepiga debe anamwonyesha kila mtu alipo, na humjui anayesikiliza. Wakati ule niliipenda fikra hiyo sana. Ilikuwa inafanya uoga wangu uonekane kama sheria ya ulimwengu.

Siku ziliendelea hivyo. Nilikuwa nasema maneno machache sana. Mengine niliyasema kwa kuku na mengine kwa lile shati. Mvua ilikuwa inanyesha mchana na kuacha ukungu bondeni. Jioni nilikuwa napanda kichuguu kikubwa kilichoko mwisho wa shamba, mahali pekee panaposhika mtandao, na kusoma ujumbe wa rafiki yangu bila kuufungua kikamilifu, ili asione kwamba nimesoma.

"Nimefika. Joto la kwenu si la mchezo."

"Watu wa hapa wanasalimia njia nzima, mpaka nimeishiwa majibu."

"Leo nimefundisha mwanga. Nikawaambia vijana kuna mtu wa hapa hapa Ruangwa anasema wageni hawawezi kufika. Wamekubishia wote."

"Mama yako hajambo? Siijui nyumba."

Na wa mwisho: "Upo?"

Baada ya huo hakutuma tena. Nitakuwa nadanganya nikisema niliumia. Nilipata nafuu, kama mtu ambaye mlango wake umegongwa muda mrefu na hatimaye mgongaji akaondoka.

Kisha siku moja, kama saa nne asubuhi, nikasikia sauti za wanawake zikipanda kutoka bondeni. Walikuwa wanaongea kwa nguvu, wakakaribia, halafu wakanyamaza ghafla kwa namna iliyonisimamisha. Mbele alikuja bibi mmoja mwembamba, kanga imefungwa kiunoni kwa ajili ya kazi, miguu imelowa matope mpaka magotini. Nyuma yake alikuwa mwanamke kijana, mkwewe, na beseni la unga kichwani. Bibi yule alikitazama kibanda, akaitazama ile sanamu yenye shati jeupe, akatikisa kichwa. Kisha akaniona mimi juu ya dungu. Hakusalimia.

"Kafa lini?"

"Nani, bibi?"

"Bibi yako. Au umemzika peke yako, msomi?"

"Hajafa! Yuko Nachingwea, anatibiwa mguu."

Mkwewe alianza kucheka taratibu, beseni likatikisika, unga ukammwagikia begani.

"Hajafa?" Bibi yule alisema hivyo kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. "Nimeacha nyani wanakula mahindi yangu. Nimevuka maji yale pale bondeni, baridi mpaka mifupa inalia. Nimekuja kulia msiba. Halafu hajafa!"

"Nisamehe, bibi."

"Nikusamehe nini? Kwani ni wewe uliyemkatalia kufa?"

Nilishuka. Hapo ndipo mkwe aliponieleza, akijipangusa unga, kwamba mama mkwe wake na bibi yangu ni watani. Mama mkwe aliletwa na wazazi wake kutoka upande wa Msumbiji akiwa mtoto, Mmakonde. Bibi yangu ni Mmwera wa hapa hapa. Wamelima pande mbili za bonde moja tangu ujana wao. Na kwa kuwa ni watani, msibani yeye ndiye mwenye haki ya kufanya vituko na kuchukua anachokitaka, na anachokitaka anakijua tangu zamani.

"Jogoo yuko wapi?" aliuliza bibi yule.

"Lakini, bibi, mwenyewe hajafa."

"Mimi kosa langu? Nimeshakuja." Akamnyatia jogoo mwekundu wa bibi, akamkamata kwa mara ya kwanza, akamfunga miguu kwa kipande cha kamba ya mkonge. "Mwambie marehemu aje kumfuata mwenyewe. Kama mguu umepona atakuja."

Niliwapa viti, yaani kinu kilichogeuzwa na gogo. Wakala mahindi ya kuchoma niliyokuwa nimeanza. Bibi yule alikuwa anatafuna polepole upande mmoja wa mdomo, na akaanza kusema, si kwa kunifundisha, ila kwa kulalamika.

"Asubuhi mimi napiga debe. Nasikiliza. Huku anapiga. Basi, nakwenda kuweka uji. Miaka yote. Sasa siku ya kwanza nimepiga, kimya. Nikasema kalala. Ya pili, ya tatu, mpaka jana nimepiga, kimya. Uji haushuki. Namwambia huyu, 'Yule mwanamke kafa.' Huyu ananiambia, 'Ngoja.' Ningoje nini? Maiti haingojwi."

"Kwa kweli sikujua, bibi."

"Hukusikia debe?"

"Nilisikia."

"Sasa?"

Aliniuliza bila ukali. Alitaka tu kujua. Nikatafuta jibu kati ya yale yote niliyokuwa nimeyafikiri juu ya dungu, habari za ngedere na ratiba, habari za anga na wenye busara wanaojificha, na hakuna hata moja ambalo lingeweza kusemwa mbele ya mtu aliyevuka maji ya baridi kwa ajili ya kuja kulia. Nikasema, "Nilikuwa peke yangu."

"Ndiyo maana ya kupiga," alisema, akaomba chumvi.

Waliniachia unga. Nilikataa, mkwe akasema unga ukishavuka bonde kwenda msibani haurudi nyumbani, hata kama msiba wenyewe umegoma. Niliwasindikiza mpaka kwenye maji. Jogoo alikuwa amening'inia mkononi mwa bibi yule, anatazama dunia kichwa chini bila kulalamika.

Niliporudi juu ya dungu, shamba lilikuwa kimya kwa namna nyingine. Katika ubishi wetu wote wa chuoni, mimi na rafiki yangu tulikuwa tunabishana juu ya wageni waliosikia kelele zetu, redio zetu na taa zetu, wakaamua kuja. Hakuna kati yetu aliyewahi kuwaza kwamba mtu anaweza kufunga safari kwa sababu ya kelele zilizokoma. Lakini kwa hilo ni lazima kwanza awepo mtu aliyezizoea kelele zako, ambaye asubuhi yake haijakamilika bila hizo. Dunia yetu, kama wapo, bado haina jirani wa namna hiyo. Tukizimika leo huenda hakuna uji popote utakaoshindwa kushuka. Wazo hilo lilinikaa kifuani siku nzima. Sijawahi kujisikia mdogo vile, na nimesoma juu ya ukubwa wa anga kwa miaka.

Kisha, kama kawaida yangu, jambo kubwa likazunguka likarudi kwangu. Rafiki yangu alikuwa amepiga debe lake Ruangwa, mfululizo, kwa mtu mmoja tu anayemfahamu mkoa mzima. Halafu debe likanyamaza. Na mimi niliusikia ukimya huo nikashukuru.

Nilikimbia mpaka kwenye kichuguu. Nikapiga simu. Yule mwanamke wa kwenye mashine akaniambia namba niliyopiga haipatikani. Nikapiga tena jioni, haipatikani. Nikaandika "Nipo", nikatuma, nikasubiri, ujumbe haukufika. Nilianza kujieleza kama ninavyojieleza siku zote: simu imeibwa, simu imeishiwa chaji, amebadilisha laini, amenichukia, anaumwa, amehama. Kila maelezo yalikuwa na mantiki. Hata maelezo ya yule bibi wa ng'ambo yalikuwa na mantiki, "kalala", lakini hayakumzuia kuvuka.

Kesho yake asubuhi niliwahi. Kabla ng'ambo hawajaanza, nilishika fimbo na kulipiga debe la bibi, mapigo ya haraka, kimya, mapigo mawili mazito, kwa kuiga. Nilipiga kwa aibu, kama mtu anayeimba mbele ya watu. Sauti ilishuka bondeni ikapotea kwenye ukungu. Hakuna kitu. Nikajiambia, basi, nimekosea mapigo. Kisha jibu likaja, dogo, kutoka mbali, na nyuma yake nikasikia jogoo wa bibi akiwika.

Bibi alirudi baada ya siku chache, anachechemea na fimbo mpya. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. "Kamchukua? Kamchukua kweli? Mwizi yule! Kesho kutwa namfuata." Alifurahi kuliko mtu aliyeletewa jogoo. Nikamwambia nataka kwenda Ruangwa, kuna mwenzangu sijui hali yake.

"Kama hujui, unakaa hapa unatafuta nini?" akasema. "Nenda, mume wangu. Ila ukirudi na mke mdogo, kombeo ninalo."

Alinifungashia mahindi mabichi na ule ule unga wa msiba uliobaki, kwa sababu huendi kwa mtu mikono mitupu ukiwa hujui utakachokikuta. Bodaboda ikanifikisha Nachingwea, na Nachingwea nikapata gari la Ruangwa. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuanzia. Nilitunga mengi, nikayafuta yote.

Sikupita nyumbani kwanza. Nilikwenda moja kwa moja mitaa ya karibu na shule na kumuuliza mama mmoja anayekaanga vitumbua kama anamfahamu mwalimu mgeni, mrefu, wa fizikia.

"Yule asiyetoka?" alisema. "Akitoka shule anajifungia. Tunamsalimia, anaitikia kama anadaiwa. Nyumba ile, geti la bati."

Nilisimama mbele ya geti na mfuko wangu wa mahindi. Nikasema hodi. Hapakuwa na jibu. Nikasema hodi ya pili, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Akili ikaanza kazi yake: hayupo, yupo ila hataki, amekuona dirishani, ukigonga ya tatu utamfedhehesha, rudi kesho, andika karatasi upenyeze. Mtu mwenye adabu huondoka baada ya hodi tatu, na mimi nilikuwa tayari nimeshageuza mguu mmoja baada ya mbili.

Nikachukua gunzi la hindi la kuchoma nililokuwa nimelitafuna ndani ya gari. Nikaligonga lile bati kama debe, mapigo ya haraka, kimya, mapigo mawili mazito. Mtaa mzima uligeuka. Mama wa vitumbua akasimama. Ndani kiti kilisogea.

"Nani?" Ilikuwa sauti yake, lakini ilikuwa na kutu, kama ya mtu ambaye siku hiyo hajaongea na yeyote.

"Nimetoka mbali," nikasema. "Naomba chaja."